Mama Yetu Mwanamvua Pazi, Mpimaji wa Mwanga wa Nyota

Mama, mwaka umetimia tangu Ijumaa ile ya Juni ulipotutoka, na hapa Kiwangwa bado hakuna anayekalia kiti chako bila kwanza kusita.

Ulistaafu ualimu wa hesabu, ukafunga kamera yako juu ya paa. Ilijiwasha yenyewe kila giza lilipoingia, ikapiga picha za eneo kubwa la anga, maelfu ya nyota kwa mkupuo mmoja. Asubuhi, chai ikipoa pembeni, ulipima mwanga wa moja baada ya nyingine. Kuna zinazong'aa na kufifia zenyewe, ulitueleza, na kuna zinazofifia kwa kuwa sayari imekatiza mbele yake. Tuliuliza yaleyale, ukatujibu yaleyale. Hukuchoka.

Ulipoona nyota moja inafifia kila baada ya siku tatu, ulisema huenda ni sayari. Baba akaifikisha habari hadi Miono. Shule uliyofundisha huko ikakuandalia sherehe Jumamosi. Jumatano ndipo kilipofika kioo cha buluu ulichokuwa ukikisubiri, kinachopitisha mwanga wa buluu tu, ukakivisha kamera, ukapima upya. Sayari ingepunguza mwanga wa rangi zote sawasawa. Wa buluu ulipungua zaidi ya mwekundu uliokwisha kuupima.

"Ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikiziba mwanga wa nyingine," ulisema. "Sayari hakuna."

"Si usubiri basi sherehe ipite?" Baba akauliza.

"Hapana, Baba Yasmini. Niwaache watoto wa watu washangilie kitu ambacho hakipo?"

Ukasimama mbele ya ukumbi uliojaa, ukasema umekosea, ukaeleza ulivyojua. Yasmini, binti yako, aliona haya, akaenda kujificha nyuma kwenye masufuria ya pilau. Hakuwahi kukuambia. Leo naye ni mwalimu, na anakuomba radhi, Mama.

Ulipofariki hakuna aliyekumbuka kuizima kamera. Ilipiga picha siku nne, sisi tukiwa msibani. Hatukuthubutu kuzifungua. Wiki iliyopita Yasmini alizifungua, akazipima. Ipo nyota inayofifia ambayo haimo kwenye orodha yako. Wadogo zake wanamhimiza aseme ni nini. Hasemi. Kwanza atapima rangi zote.

Unakumbukwa na mumeo Mikdad. Wanao Yasmini, Bwanausi na Adila. Dada yako Samia. Wajukuu, majirani na wanafunzi wako wote. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Hututoki moyoni, Mama, leo wala kesho.