Divai ya Babu Yako Siku ya Posa

Mjukuu wangu Festo, mume wangu mdogo,

Sisi huku Kasulu wazima. Maharage yametoa maua, na shangazi yako anayeniandikia haya kanenepa kuliko mimi.

Unauliza kama zile chupa za divai alizokuachia babu yako bado zinanyweka, maana unataka kuwapelekea wazazi wa mchumba wako. Sikia. Babu yako alipokuja kwetu Makere kunichumbia, alileta kibuyu cha pombe ya asali kilichokaa mno. Kwetu Waha mwenye kuleta huonja kwanza. Akaonja mbele ya wazee, akamwambia baba yangu, "Mzee, usinywe. Imekuwa siki."

Wajomba wakamcheka: "Umetuletea ya kusugulia masufuria?" Mimi nyuma ya mlango nikajua nimemkosa. Baba akasema, "Huyu hatamficha binti yangu kitu," akaagiza pombe yake mwenyewe iletwe.

Basi zifungue mapema, unuse, uonje moja moja. Iliyochacha imwage, hata kama ni ya babu. Zikiwa zimeharibika zote, nenda na kreti ya soda, uwaeleze ukweli. Wakicheka, usiondoke. Umeshapata mke.

Bibi yako anayekupenda kwa nguvu