Barua Tatu kwa Ghislain

Papa,

Mboga ya sombe iko ku moto wa mbabula, usiache ikauke. Foto ya kaka Ghislain, ile uliondoa ku ukuta, iko nyuma ya kabati. Irudishe ku ukuta mbele ya kula.

Natoka ku kanisa, ku paroasi, na narudia kule sasa hivi. Naandika mbio, usishangae maandiko.

Barua zetu hazikumufikia kule Ulaya, Papa. Hata moja. Mama Philomène wa secrétariat amenionyesha: zote tatu zingali ndani ya ordinateur, ile mashini ya kuandikia, zimepangwa mu boîte d'envoi, sanduku ya barua zenye hazijatumwa. Minye nilikuwa nafinya "envoyer", ndiyo "tuma", halafu nazima mashini mbio juu ya kuogopa courant, umeme ya barrage ya Koni, ikatike. Nilizani ni sawa ku phonie, ile redio ya kusemea: ukisha kusema, mwenzako amesikia. Kumbe inaziweka tu mu sanduku. Inabidi kufungua ligne ya téléphone, kufinya tena, na kungojea mpaka sanduku ibakie tupu.

Basi Ghislain hajue kama Mama alikufa. Miezi ine tunamuita mutoto bila roho.

Ligne inafunguliwa saa sita. ~~Nitatuma zote.~~ Hapana. Nitatuma ya pili tu, ile ya kumujulisha matanga ya Mama. Ile ya tatu, yenye ulisema yeye si mutoto wako tena, nitaifuta kwanza. Uliisema, minye niliiandika, tutaizika sisi wawili.

Inabakia ya kwanza, ile ya kumuomba atume dawa ya Mama. Ile, Papa, sijue niifanye namna gani.

Binti yako,
Danielle