Kibali cha Ng'ambo ya Mto

Easton, Pennsylvania
9 Oktoba

Kaka Wendell,

Goti linaendeleaje huko Nebraska? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, na maboga yamezaa hadi nayagawa kanisani.

Juzi nilivuka daraja la mto kuingia jimbo la New Jersey, nampelekea mgonjwa mkate. Polisi akanisimamisha kwa sababu taa ya nyuma ya gari haiwaki. Nikafanya alivyonifundisha marehemu mume wangu Earl: mikono juu ya usukani, useme kabla hujaulizwa.

"Mwanangu, mkobani mna bastola. Kibali ninacho."

Akakichukua, akakisoma. "Mama, hiki ni cha Pennsylvania. Kila jimbo lina sheria yake; huku kwetu hakifai kitu. Si ungenyamaza tu!"

"Ninyamaze, na Mungu je?"

Akatikisa kichwa, akanitia pingu taratibu. Nakwambia wewe tu, kaka: tangu tumzike Earl, hakuna aliyenishika mkono mpaka yule askari.

Kesi ni tarehe ishirini na sita. Wakili anasema naweza kufungwa. Ila ninachoogopa zaidi ni kugeuka pale mahakamani nisione mtu wangu hata mmoja. Je, utakuja? Nijibu upesi.

Dada yako,
Darlene