Rosaria Ameniomba Nikuambie

Tanasi ndugu yangu,

Mdogo wako Rosaria ndiye aliyenituma. Kuandika hawezi, kwa hiyo ameniambia, kaka Bakari andika wewe, kaburini nitaipeleka mwenyewe. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Kumwandikia marehemu ni kazi, tena wewe uliyekuwa huniachi nimalize sentensi.

Tangu lile lori likugonge, msimu umezunguka. Mikorosho ya huku Nanyamba inapulizwa dawa ya salfa tena, na pampu naibeba mimi. Kila alfajiri nikiiwasha, ikianza kunguruma, nageuka kutazama pale ulipokuwa unalala kifudifudi. Hakuna mtu. Lakini nasikia kabisa mtu anauliza, "Wamepita?" Mke wangu anasema ni moshi wa petroli umeniingia kichwani. Naogopa, Tanasi. Nakwambia wewe tu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Pampu ikiwaka ghafla, unajitupa chini, unakumbatia ardhi, unauliza, "Wamepita?" Sisi wote tunaitikia, "Wamepita, inuka!" Tunacheka, nawe unacheka huku unajipangusa ule unga wa njano wa salfa. Tulijua mlivuka Ruvuma mkiwa watoto, mkikimbia vita ya Msumbiji, na kwamba mama yenu alibaki ng'ambo. Zaidi ya hapo hukusema, na sisi hatukuuliza.

Kwa mshauri nasaha ulikwenda kwa miguu yako. Watu walipokuona unaingia kile chumba cha zahanati, kinachopimiwa damu, wakamaliza maneno: Tanasi anao. Ukasema, "Waache, ugonjwa huo angalau wanaujua jina." Mama Neema, mshauri mwenyewe, alikuambia mambo ya maana. Acha gongo. Usikae peke yako. Pampu ikiwaka, vuta pumzi, jiambie ni pampu. Sisi tulidhani ushauri ni kama jandoni: unaambiwa, unashika, unatoka mtu mpya. Nawe ulishika yote. Gongo uliacha, ukafuga kuku, ukaanza kuimba kwaya na sauti yako ile mbaya. Ila usingizi haukuja. Na ile asubuhi pampu ya jirani ilipowaka karibu yako, hukujitupa chini. Ulikimbia mpaka barabarani.

Kwenye mazishi watani walifanya kazi yao ya kuchekesha wafiwa. Saidi alijitupa kando ya kaburi lako, akakumbatia udongo, akauliza, "Wamepita?" Umati mzima ukaitikia, kama kawaida yetu. Rosaria akapiga ukelele mmoja akaanguka. Toka siku ile akawa hali, hasemi nasi, analala uvunguni mwa kitanda.

Mumewe akampeleka kwa Mama Neema. Yule mama alimsikiliza siku mbili tatu, halafu akatuita. "Huyu simwezi," alisema. "Mimi namsaidia mtu na jambo la leo, apate njia ya kupita. Yeye lake ni la zamani, na ndilo linalomwendesha leo. La kaka yake nililichukulia kuwa ni pombe." Akalia mbele yetu, mtu mzima. Kisha akatupeleka mwenyewe kwa daktari mmoja hospitali ya mkoa, Mtwara mjini.

Daktari huyo mwanamama ni mpole, lakini anakera. Siku ya kwanza nilimuuliza, sasa unamshauri afanye nini? Akasema, "Simshauri." Kumbe hiyo ni tiba, wanaiita tiba ya kisaikolojia, na inakwenda miezi, pengine zaidi. Haanzi na ufanye nini. Anakaa na mgonjwa, wanalisogelea lile jambo lenyewe polepole, wakishindwa wanarudi nyuma, Jumanne inayofuata wanalisogelea tena. Mimi naachwa nje kwenye benchi. Nikawa najisemea, safari yote hii kuja kuongea?

Tena Rosaria akazidi kuugua. Akawa analia hata akisonga ugali. Mumewe akasema tiba gani hii inamuua mke wangu, Jumanne hii ndiyo ya mwisho. Nami nilikaribia kumuunga mkono, usinichukie.

Jumanne hiyo alipotoka, tukakaa stendi kusubiri basi, akaniambia. Mlikuwa mmejificha kwenye matete, wewe, yeye na mama yenu. Gari la wale watu wenye bunduki likapita likinguruma, kukawa kimya. Sauti ya mtoto ikasema, mama, wamepita, inuka. Mama akainuka, kumbe wengine walikuwa bado nyuma, risasi ikampata.

Nilidhani atasema ni wewe. Akasema, "Ni mimi, kaka Bakari."

Ndicho alichotaka ukijue. Ulimfichia maisha yako yote, ukidhani alikuwa mdogo mno, hakumbuki. Mama Neema hukumwambia, padri hukumwambia, mimi hukuniambia, ili neno lisije likamfikia. Anakumbuka, Tanasi. Alikumbuka kila siku, akanyamaza ili wewe usije ukajua kwamba anakumbuka.

Alipomaliza aliomba maandazi. Alikula mawili pale pale stendi, nikageuza uso asinione.

Mumewe nimeshamwambia, hatuachi. Akikataa, nitampakia Rosaria kwenye baiskeli yangu mpaka mjini, na benchi lile nitalikalia mpaka linizoee. Hilo nakuahidi. Kwaheri, ndugu yangu. Lala sasa, hakuna tena wa kumlinda asijue.

Wako,
Bakari