Petroli Iliyonuka Maziwa

Manyatani kwetu, ng'ambo ya laga,
Bura, Fafi.
Jumanne, 14 Novemba 2023

Mpendwa kaka Khalif,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Lusaka, na Jawahir na watoto wanaendeleaje? Lile goti lililokusumbua Ramadhani limepoa? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mvua imenyesha hadi tumesahau tulivyoililia, nundu za ngamia zimesimama, na maziwa ni mengi kuliko vyombo. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea, maana Kisomali chetu tulikinyonya tu, kukiandika hakuna aliyetufundisha.

Salamu zitoshe hapo, walaal, ndugu yangu. Maji yamenifika shingoni.

Ni Hamdi, binti yangu. Mimba yake imetimiza miezi tisa. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari kule Garissa akamwambia kinagaubaga kwamba uchungu wa pili asiungojee nyumbani, kovu linaweza kufumuka tukawapoteza wote wawili. Alitakiwa awe Garissa tangu wiki iliyopita. Yuko hapa, amelala ubavu hatua tano kutoka ninapoandika, kwa sababu ya ile pikapu uliyoniachia.

Pikapu imeshikwa na kigugumizi. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Ukikanyaga mafuta inasita, inakohoa, inajivuta kama punda aliyenusa fisi, kisha inazima. Ngoja muda wa kuswali rakaa nne, inawaka tena kana kwamba haikufanya lolote. Kwenye tambarare unaweza kuibembeleza. Kwenye mchanga au pa kupanda, haitaki kabisa.

Jumamosi tulimpakia Hamdi tukaondoka. Laga, ambayo kiangazi ni korongo la mchanga mkavu, sasa ina maji ya magotini na tope, na ukishavuka kuna ule ukingo wa kupanda unaoujua, pale ndipo injini inapohitaji nguvu zake zote. Ilizima katikati ya maji. Wanawake sita walitusukuma hadi tukarudi upande wetu.

Kabla laga haijajaa nilikuwa nimehangaika sana. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Fundi Sharamo wa Bura akafungua kabureta, akaisafisha na kuipuliza, tukapata siku mbili za raha. Akaweka pampu nyingine ya petroli, siku moja. Akaweka filta mpya, haikufika hata adhuhuri. Hasira zikanipanda. Nikaenda kwa Roba anayeniuzia petroli, nikamwita mwizi mbele ya soko zima, nikasema anachanganya na maji. Aliapa kwa Mola wake. Nilimpa mgongo angali anaapa.

Sharamo amekwenda Wajir kumzika mama yake, basi Jumapili nilichukua kisu nikaipasua ile filta mwenyewe. Ndani mlikuwa na masizi yaliyogandana na mafuta, kama samli iliyoungulia sufuriani. Nikanusa. Kaka, nimeuza maziwa ya ngamia miaka kumi na minane, sihitaji mtu aniambie. Ile ni harufu ya jerikeni zangu.

Unajua tunavyozifukiza: kijinga cha moto ndani, unafunika, unatikisa, unapangusa, na maziwa hayachachi upesi. Masizi kidogo hubaki yameshikana na mafuta ya maziwa ukutani mwa jerikeni, na hayajawahi kumdhuru mtu. Lori la petroli lilipofika mwezi uliopita niliogopa mvua itatufungia njia, nikapeleka jerikeni nne za maziwa zijazwe. Roba aliniomba nitumie vyombo vyake. Nikamwambia duniani hakuna chombo kisafi kuliko kilichofukizwa. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Petroli ikayeyusha mafuta, ikabandua masizi ya miaka yote, nami nikayamimina tangini kwa mikono yangu miwili.

Sasa naelewa. Injini ikivuta kwa nguvu, uchafu unaziba mdomo wa bomba ndani ya tangi. Ikipumzika, uchafu unatua chini na njia inafunguka. Tulikuwa tunatibu kikohozi na ugonjwa uko tumboni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yamemtangulia mjukuu mwenyewe. Sikufichi, nimekata tamaa. Yussuf, mume wa Hamdi, yuko malishoni mbali pamoja na ngamia, wala hajui lolote. Mkokoteni wa punda wa jirani yetu Raho ulizama kwenye tope hata kabla ya kufika majini. Gari lingine upande huu halipo, na hata tukimbeba kuvuka, ng'ambo hakuna gari la kumpokea.

Jana watu wawili walivuka laga wakiwa na jerikeni ya petroli begani. Ilitoka kwa Roba, katika chombo chake mwenyewe. Nilimfikiria yule mzee nikalia.

Basi nisaidie. Nimejaribu kushusha tangi nilioshe, nati zimeshikwa na kutu na moja imekatika. Njia iliyobaki ni kuliacha tangi kabisa, nifunge jerikeni hii ndani ya gari na kupitisha mpira moja kwa moja hadi kwenye pampu, kama ulivyofanya ile safari yetu ya Wajir. Lakini wewe ulikuwa fundi, na hukuwa umepakia mwanamke mjamzito. Mpira ukichomoka juu ya injini ya moto nitamchoma mwanangu. Niambie upite wapi, jerikeni ikae juu kiasi gani, na kama nithubutu au nisithubutu.

Upande huu hakuna mtandao. Kesho asubuhi Ramlo, mwalimu wetu, atavuka kwa miguu hadi simu itakaposhika, akutumie picha za karatasi hizi, na angojee pale pale jibu lako.

Nisalimie Jawahir, na Hinda umwambie shangazi yake hajamsahau. Mjomba Abdikarim mbusie mkono kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye, asiye na mwingine wa kumuuliza,
Sadiyo

Jumanne hiyo hiyo, baada ya adhuhuri.

Kaka, uchungu umemshika Hamdi. Siwezi kungoja jibu. Jerikeni nimeifunga nyuma ya kiti, mpira nimeupitisha dirishani na kuukaza kwa waya mahali pawili, mbali na bomba la moshi. Pikapu imewaka na haisiti, ila hapa ni tambarare. Ramlo tunakwenda naye, ameikumbatia jerikeni isitikisike. Wanawake wametangulia lagani na kamba. Barua anayo yeye, na mtandao unaanza juu ya ule ukingo wa kupanda, ng'ambo. Ukiisoma, ujue tumevuka.