Jiwe Nyuma ya Gurudumu la Kushoto

Ijumaa, 16 Januari 2009

Lachezar ameng'oa ngoma zangu za breki! Zote mbili za nyuma. Nilizifunga kwa mikono hii, zimepanda na kushuka korongo letu miaka thelathini na moja bila kosa. Natoka kwa jirani Mitra, nakuta gari liko juu ya magogo na mkwe wangu anapiga mluzi.

Mbele lina diski tangu lilipozaliwa, sina neno. Sasa anataka diski na nyuma. Kazitoa wapi? Kwenye gari lililogongwa mjini, anasema. Gari la nani? Liligongwaje? Labda liligongwa kwa sababu ya diski hizohizo.

Nikamuuliza amepewa ruhusa na nani. Akasema, "Baba, mimba ya Desi ina miezi minane. Hospitali ni kilomita ishirini za kuteremka tu. Ngoma zikishika moto zinalegea, unajua mwenyewe. Diski iko wazi, upepo unaipoza."

Najua! Mimi fundi tangu yeye hajaota meno. Ndiyo maana sisi tunateremka kwa gia, hatupapasi breki kila kona. Lakini mtu wa tambarare za mto Danube atajuaje kuteremka? Kwao hata bata hawajawahi kuona kilima.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeuliza: na breki ya mkono je? Ngoma umetupa, itashika wapi?

Anasema ndani ya kila diski ya nyuma kuna ngoma ndogo, ya breki ya mkono peke yake. Ngoma ndani ya diski! Nikasema nionyeshe. Eti ameshafunga. Huyu kila kitu ameshafunga.

Tena amechagua uongo wake vizuri. Kijijini kwetu nani anavuta breki ya mkono majira ya baridi? Ukiivuta jioni, asubuhi imeganda, gurudumu halizunguki hata ulilie. Sisi tunaacha gari kwenye gia na jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe langu ni la marehemu baba, lilikuwa la mkokoteni wake. Kwa hiyo breki ya mkono iwepo isiwepo, hakuna wa kujua.

Mwongo. Nimeandika na nimepigia mstari.

Jumapili, 18 Januari

Tumekwenda kanisani na kurudi. Walipoingia ndani nimeyagusa magurudumu. Ya mbele moto, na vumbi jeusi la pedi limejaa. Ya nyuma vuguvugu, safi kabisa. Diski inayofanya kazi hutoa vumbi. Hizi hazifanyi kazi!

Mitra alikuwa ananitazama toka uani kwake. "Mzee Valko, unanunua ng'ombe? Mbona unalipapasa hivyo?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nacheka na nani mimi? Ni mwanangu Desi atakayepanda humo. Mama yake alipokwenda kumzaa nilimpeleka mwenyewe, kwa ngoma, kwenye barafu. Tulifika.

Jumatatu, 19 Januari

Diski za nyuma zina kutu! Nimeziona kwa tochi kati ya matundu ya rimu. Rangi ya chungwa, zote mbili.

Desi anasema ni unyevu wa usiku, ukikanyaga breki mara tatu inafutika. Nani kakufundisha? "Lacho." Basi, Lachezar, Lacho wake, kasema. Akanambia nimekuwa kama ofisa wa forodha, nimshukuru Mungu nimepata mkwe anayeshika spana. Nimesukuma sahani ya maharage, nikatoka.

Jumatano, 21 Januari

Sikukuu ya wakunga. Desi kaenda na wanawake wote kwa mkunga mzee, na mkate na sabuni na taulo, kumnawisha mikono. Siku hii mwanamume haonyeshi pua nje, wakimkamata wanamvua kofia na kumdai divai. Lachezar yuko kiwandani kwenye mbao. Nafasi ndiyo hii.

Nimepiga jeki, nimetoa gurudumu la nyuma kushoto. Diski imo. Pedi zimo, mpya. Haya. Lakini je, mafuta ya breki yanafika? Bomba la gari hili ni moja, magurudumu yote manne yanakunywa humohumo. Nimevua kifuniko cha mpira cha ile nati ndogo ya kutolea upepo bombani, nikaifungua. Mafuta yakaja, safi, hayana hata povu.

Amefanya kazi nzuri. Hilo simwambii.

Nilitaka kuitoa diski nzima nione kama ngoma yake ya hadithi imo. Mara nasikia ngoma za kweli na zumari! Wanawake wamemweka mkunga kwenye mkokoteni, wanamzungusha kijiji, wanashuka kwetu. Nati nimeikaza kwa vidole, nitamalizia kwa spana wakishapita. Gurudumu nimerudisha mbiombio. Mitra kanikuta nimeinama, kofia yangu ikaenda. Wamekunywa chupa mbili jikoni kwangu, wameimba mambo ambayo mgane kama mimi hapaswi kusikia.

Alhamisi, 22 Januari

Theluji. Gari halikutoka.

Lachezar ameona alama ya jeki. Akaingia jikoni na viatu. "Baba, umefungua gari?"

Nimesema hapana.

"Mimi sikatazi," akasema. "Niambie tu umegusa nini, nikague."

Nikasema mimi sigusi takataka za gari la ajali. Yakazuka makubwa. Nikamwambia alikuja hapa na begi moja. Akaniambia tangu harusi namhesabia hata anavyopumua. Desi akapiga meza, "Nyamazeni, mnaniumiza tumbo!"

Nimeudhika mno, siwezi kuandika mengi. Kuna kitu nilitaka kufanya leo, kimenitoka.

Ijumaa, 23 Januari

Uchungu umeanza asubuhi kabla ya wakati, saa nne hivi. Ambulensi iko upande wa pili wa mlima. Lachezar kamfunika blanketi mbili, kamweka mbele. Mimi nikaondoa jiwe, ndiyo desturi, anayebaki ndiye anayeondoa. Lachezar alikanyaga breki mara mbili, tatu, kufuta kutu. Hakunitazama. Nikampungia Desi.

Wameondoka. Nikainama niliweke jiwe pembeni. Kwenye theluji, pale lilipokuwa gurudumu la kushoto, doa. La manjano. Nikalinusa: mafuta ya breki.

Nikatia mkono mfukoni mwa koti la kazi. Kifuniko cha mpira.

Ile nati! Kwa vidole! Sikurudi na spana. Na jana aliniuliza, aliniuliza kwa upole kabisa, nikasema hapana.

Nimepiga simu. Haipatikani. Tena. Haipatikani, ni lile korongo. Mitra kakimbilia kwa mwenye trekta. Mara ya tano ikaita, Desi akapokea. "Baba, tumepita kikanisa cha njiani, Lacho anasema pedali inazama—" Nikapiga kelele: ni mimi! Nati ya nyuma kushoto, niliifungua mimi! Ashushe gia, avute breki ya mkono, kidogo kidogo, avute! Nikamsikia akimwambia. Nikasikia gari likilia kwa gia. Kisha Desi, "Anasema ile ngoma ndogo ipo, Baba, anasema alikuambi—"

Imekatika.

Alikuambia. Ndiyo, aliniambia. Jumamosi. Nimefungua ukurasa, upo hapa, mwandiko wangu, na mstari wangu chini yake.

Baada ya kikanisa ziko kona saba. Nazijua zote. Nimepiga tena, haipatikani. Jiwe liko mezani, sijui nimeliingiza ndani kwa nini, linayeyusha theluji juu ya daftari. Naandika huku nasubiri simu iite.

Lachezar mwanangu, uwe ulisema kweli. Uwe ulisema kweli. Simu inaita