Kitambaa cha Mama Mkubwa

Mishamo, 6 Februari 2024

Mwanangu Prisila,

Bwana asifiwe. Sisi huku tunaendelea, mvua ipo, maharage yameota. Wewe afya yako na kazi ya dukani vipi? Simu yangu imekufa spika, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua.

Mama yako mkubwa Specioza nimemchukua, anakaa kwangu. Hasimami tena. Mgongo umeanza kutoka vidonda. Nataka kumshonea blanketi la viraka, jepesi, la kufuliwa kila siku. Vipande vya juu ninavyo. Nahitaji kitambaa cheupe cha upande wa ndani, kiwe pamba tupu, na pamba ya kujazia. Wewe sasa uko kwenye duka la vitambaa. Muulize anayejua.

Mama yako,
Jeannine

Mpanda, 14 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu inauma kwa kusimama. Mpe mama mkubwa pole yangu.

Nakutumia mita sita. Hii ni pamba tupu, asilimia mia, haichuji, haisinyai. Bosi wangu, dada Agatha, anasema wateja wote wanaisifu. Ya kujazia nayo ni nzuri sana, unafua hata kwa maji ya moto. Usiwe na wasiwasi, mama, hii ndiyo kazi yangu sasa.

Binti yako,
Prisila

Mishamo, 19 Machi 2024

Prisila,

Amani iwe kwako. Huku kuna malaria kidogo, mimi sijambo.

Blanketi nilishona siku kumi na sita kwa mkono. Mama yako mkubwa alilifurahia. Asubuhi nilimkuta amelowa jasho, shuka imegandana na mgongo. Nikafikiri ni homa. Siku ya tatu kidonda kimoja kikapasuka. Nikalifua. Ya kujazia yote ikakusanyika kwenye pembe moja, ngumu kama bonge la ugali.

Nikachomoa uzi mmoja wa ule weupe, nikauchoma. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kubaki majivu. Huu uliyeyuka, ukaganda kidoleni. Ni plastiki.

Sikugombezi. Nauliza tu: ulijua, au uliambiwa?

Mama yako

Mpanda, 2 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya wiki sita. Afya ninayo. Mama mkubwa anaendeleaje?

Niliambiwa. Siku ya kwanza dada Agatha alinionyesha majora akasema, "Haya yote sema pamba," na mimi nikasema pamba, miezi mitano, kwa kila aliyeniuliza. Hata kwako.

Barua yako ilipofika nilikata nyuzi za majora yote kumi na moja nikazichoma jikoni kwangu. Saba ziliyeyuka. Nikampelekea dada Agatha azione. Akaniuliza, "Wewe umeajiriwa kuuza au kupeleleza?" Nikarudi kusimama nikanyamaza. Hilo ndilo lililonizuia kukuandikia.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja mjamzito, ametoka Sibwesa, anataka kitambaa cha kumfunikia mtoto. Akashika lile jora jeupe. "Hii ni pamba, dada?"

Nikamwambia, "Hapana. Ya pamba ni ile ya chini, iliyofifia."

Dada Agatha alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisubiri mteja alipe, akaniambia nisirudi kesho.

Nakutumia mita sita nyingine. Hii nimeichoma mwenyewe, majivu yake nimeyafunga kwenye karatasi uyaone. Ya kujazia sijaipata ya kuaminika. Tumia khanga kuukuu, upange mbili mbili.

Nisamehe.

Prisila wako

Mishamo, 4 Juni 2024

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Mimi nimechoka ila sijambo.

Mama yako mkubwa alifariki Jumanne iliyopita, mchana. Tulimzika Alhamisi. Sikukuita kwa sababu barabara imekatika, hata barua hii naituma kwa pikipiki, na simu bado.

Alilala na blanketi la pili siku tisa. Mgongo ulikauka. Aliniuliza kitambaa kimetoka wapi, nikamwambia cha kwanza na cha pili vyote ulituma wewe. Akasema, "Basi amejifunza kazi."

Kina mama waliokaa msibani walilishikashika. Tereza anataka la mkwe wake, Imakulata anataka mawili. Wanauliza duka gani. Nimeshindwa kuwajibu, kwa sababu hauko dukani. Niambie utakuwa wapi.

Mama

Mpanda, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na pole. Nimelia, sasa nimetulia. Nitakuja kuona alipozikwa, barabara ikifunguka.

Waambie niko sokoni, nyuma ya wauza dagaa, meza ya kwanza yenye turubai la bluu. Nina aina nne tu. Tatu ni pamba. Ya nne siyo, na nimeiandikia hivyo kwenye karatasi kubwa. Wapo wanaosoma, wakaondoka. Wapo wanaosoma, wakainunua hivyohivyo.

Mwanao,
Prisila